Miguu Chini ya Volvo

Kambi ya Daraja, 12 Januari

Mama watoto,

Nimefika, nimepewa kitanda, na mgongo wangu umeniuliza kama nina akili timamu. Daraja lenyewe bado ni nguzo tu, zimesimama korongoni kama watu waliosahau walichofuata. Kazi yangu ni kuchomelea vyuma vinavyoziunganisha. Simu huku haishiki hata ukipanda juu ya tangi la maji. Barua zinashuka na kupanda na lori la saruji, basi ukiona kimya usianze kulia, ujue lori limekwama.

Nalala chumba kimoja na mpishi wa kambi. Mtu mwema, ila anakoroma kama Volvo iliyotoboka ekzosi. Nilimwambia hivyo, akanijibu, "Afadhali mimi. Wewe unagombana na spana usingizini."

Sasa, magari yangu, zile Volvo tatu za uani. Stesheni wagon la buluu lifunikwe turubai, nitalifufua nikirudi. Jeupe lisisogezwe, sakafu yake imeoza. Jekundu limebaki mifupa, lakini hata mifupa ina kazi yake: ndilo linalowapa wenzake vipuri. Mtu akija kuomba taa, kioo, hata parafujo, mwambie mwenyewe hayupo. Wala wewe usiguse. Nakujua, mikono yako ina kiherehere. Volvo si cherehani.

Nisalimie Mama na watoto.

Mumeo

&nbsp;

Nyumbani, 2 Februari

Baba watoto,

Barua tumeisoma kwa zamu. Mama yako amecheka ya mpishi mpaka akapaliwa. Watoto wazima, isipokuwa mdogo amepoteza kiatu kimoja na anashikilia kwamba kiatu ndicho kilichompoteza yeye.

Kinachonitia mashaka ni macho ya Mama. Mtoto wa jicho amekomaa. Juzi alilisalimia koti lako lililoning'inia mlangoni, kisha akalilaumu kwa kukosa adabu ya kujibu. Hospitali ya macho wametuita mara mbili, na mara zote mbili barabara ilikuwa tope, basi likaishia njia panda. Kumtembeza mpaka kule siwezi, kumbeba hataki. Anasema yeye si gunia.

Magari yapo. Nayatazama kwa macho tu.

Nina swali la hivi hivi. Lile la buluu, siku ulipoliegesha mara ya mwisho, ulilizima au lilizimika lenyewe? Watoto wanabishana, nataka kuwaamua.

Mkeo

&nbsp;

Kambi ya Daraja, 20 Februari

Mama watoto,

Waambie watoto lilizimika lenyewe. Lilikuwa likikimbia vizuri, likipata moto linakata, likipoa linawaka tena kama halijafanya kosa, mpaka likagoma kabisa. Nashuku rilei ya pampu ya mafuta. Ni kiboksi kidogo kilichojificha nyuma ya droo ya dashibodi, upande wa abiria. Ndani yake kuna lehemu, na lehemu ikizeeka hupata nyufa nyembamba kama unywele. Ukitia lehemu mpya linapona. Mkanda wa taimingi nao umechoka, ni wa kubadilisha kabla ya safari yoyote. Jekundu lina mkanda karibu mpya, niliufunga mwenyewe kabla halijagongwa.

Nimefurahi kwamba watoto wanauliza mambo ya maana. Lakini wasiguse!

Macho ya Mama yananiuma. Aprili nina likizo, nitampeleka mwenyewe.

Mumeo

&nbsp;

Kambi ya Daraja, 9 Aprili

Mama watoto,

Samahani kwa kimya. Kazi imebana. Likizo ya Aprili haitakuwepo, na ya baadaye sijui. Wamenihamishia bohari kwa muda, kuna mtu anatakiwa kuangalia vifaa. Mimi mzima.

Ongea na jirani yetu Bomba, fundi wa mabomba, huenda akapata usafiri wa Mama.

Msinisubiri.

Mumeo

&nbsp;

Nyumbani, 22 Aprili

MWANANGU,

NAANDIKA MWENYEWE KWA HERUFI KUBWA KWA SABABU NDOGO SIZIONI, NA SITAKI MTU ASOME. BARUA NAMPA DEREVA WA LORI MKONONI.

MIMI SI MTU WA KUVUNJA NYUMBA. MKEO ANANITUNZA, CHAI NAPATA, NGUO ZANGU SAFI. LAKINI KILA NIKIPITA UANI NAONA MIGUU YA MWANAUME CHINI YA GARI LAKO LA BULUU. IMEVAA OVAROLI LAKO NA VIATU VYAKO VIZITO. NIKIITA, "NANI HUYO?" MIGUU INANYAMAZA KIMYA. WATOTO WANAPITA KANDO KAMA HAWAIONI. MKEO NIKIMTAFUTA SAA HIZO SIMPATI NDANI. NIKIRUDI CHUMBANI, MIGUU INAPOTEA, NA MKEO ANATOKEA AMENAWA MIKONO.

SISEMI KITU. NASEMA NILICHOKIONA, NA UNAJUA MACHO YANGU YALIVYO. LAKINI MIGUU NI MIGUU.

RUDI NYUMBANI.

MAMA YAKO

&nbsp;

Kambi ya Daraja, 3 Mei

Mke wangu,

Nimepata habari za nyumbani. Sitauliza mara mbili. Huyo mwenye miguu ni nani? Na kama umeamua kumfuata, sema. Labda una haki. Labda mimi si mtu wa kusubiriwa tena.

Mimi

&nbsp;

Nyumbani, 15 Mei

Baba watoto,

Miguu hiyo unaijua. Ndiyo iliyosimama jikoni kukupikia miaka yote hii. Ndiyo uliyoikanda kwa mafuta nilipokuwa mjamzito wa mdogo, imevimba kama mito, ukasema haijawahi kupendeza kama siku ile. Leo imekuwa ya mwanaume kwa sababu imevaa ovaroli? Kaa chini usome, na ukimaliza uone haya.

Ovaroli lako nimelipunguza miguu na kulibana kiuno. Viatu vyako nimevijazia matambara. Mama sikumwambia kwa sababu moja: angekuandikia. Kumbe nimejificha mvua nikaingia kisimani.

Rilei niliitoa. Vidole vyangu ni vyembamba kuliko vyako, ilitoka bila kuvunja droo. Nyufa nikaziona kwa miwani ya Mama. Fundi redio akanipa pasi yake ya lehemu na kona ya meza yake, basi. Mkanda nikauvua kwenye jekundu. Na uniwie radhi, bwana wangu, lakini Volvo ni cherehani kubwa. Cherehani ukikosea taimingi, sindano inashuka wakati ndoano ya bobini haipo, uzi haushiki. Humo ndani ni vilevile: alama kwa alama, magurudumu ya mkanda yafike pamoja. Ningeshindwaje kitu ninachokifanya tangu usichana?

Jumamosi liliwaka. Lilikohoa moshi wa kutosha kufukiza mtaa mzima, kisha likatulia, likawa linaunguruma taratibu kama mtu aliyeshiba. Nilikaa kwenye usukani nikalia kidogo. Nilitaka kumpeleka Mama hospitali kwanza ndipo nikuandikie, nione utasema nini.

Halafu daktari wa mifugo alikuja akihitaji mashine ya kupandisha kioo. Nimemfungulia kwenye mlango wa jekundu. Yeye gari lake ni kama la buluu na alikuwa akisafiri na kioo cha karatasi ya nailoni. Nimemhurumia. Nigombeze basi.

Na sasa zamu yangu kuuliza. Mbona huji? Mbona barua zako zimekuwa fupi kama za mtu anayeogopa wino utaisha? Na mistari yako, ambayo ilikuwa imenyooka kama kamba ya fundi mwashi, mbona siku hizi inapanda mlima mpaka kona ya karatasi?

Mkeo mwenye miguu yake miwili

&nbsp;

Kambi ya Daraja, 28 Mei

Mke wangu,

Nimecheka mpaka mpishi ameacha sufuria kuja kuona kuna nini. Nimemsomea. Amesema mwanamke kama wewe asiachwe peke yake na gari la mtu, atalifanya lipae.

Nisamehe. Wivu ni ugonjwa, na mgonjwa akiwa mbali na nyumbani huzidiwa. Na kwa lile la Volvo si cherehani, nimelimeza, lina uchungu kidogo.

Mistari ni meza tu, mbovu, inateleza. Kuhusu kuja, kazi imeongezwa, labda mwakani. Usinisubiri kwa tarehe. Hayo magari sasa fanya upendavyo, vunja, gawa vipuri. Mimi sidhani nitayarudia.

Mpeleke Mama.

Mumeo

&nbsp;

Kambi ya Daraja, 1 Juni

Shemeji,

Hunijui, ila unajua ninavyokoroma. Mimi ndiye mpishi.

Niliapa sitasema. Leo navunja kiapo, maana naona ni bora mimi nivunje neno kuliko yeye avunjike. Mwezi Machi boriti la chuma lilichomoka kwenye mnyororo wa winchi. Wenzake wawili walikuwa chini yake. Mumeo alimsukuma mmoja, wa pili aliruka, yeye akachelewa kuutoa mkono. Hospitali waliukata chini kidogo ya kiwiko. Ni wa kushoto. Nilikuwa kando ya kitanda alipozinduka. Neno lake la kwanza, shemeji, hakuita jina la mtu. Aliutazama akasema, "Huu ni mkono wa gia."

Sasa yuko bohari. Wafanyakazi wakija anawagawia glovu, jozi kwa jozi. Hakuna aliyefikiria jinsi hilo linavyomkata. Anaandika kwa mkono wake wa kulia kama zamani, lakini hana wa kuishikilia karatasi, ndiyo maana mistari inatangatanga. Amejihukumu mwenyewe: anasema fundi wa mkono mmoja ni mdomo wa kulishwa, na wewe bado kijana.

Barua ya mama yake ilimlaza. Ya kwako ilimwinua. Alicheka, kicheko cha kwanza tangu Machi, kisha akatoka nje, akakaa kwenye mifuko ya saruji mpaka chakula kikapoa.

Ninachokuomba: usimwandikie pole. Pole amepewa na kila mtu huku mpaka anaikimbia. Ukimpa na wewe, atahama hapa na hatutajua alikoelekea.

Mpishi

&nbsp;

Nyumbani, 10 Juni

Shemeji mpishi,

Mungu akulipe. Barua yako niliisoma jikoni, nikakaa sakafuni na kulia kama mtoto aliyeangusha uji. Halafu nikanawa uso, nikavaa ovaroli, nikaenda kulala chini ya gari, kwa sababu huko hakuna anayeniuliza nina nini.

Wale wawili uliowataja, aliyesukumwa na aliyeruka, ni wazima? Mwambie yule aliyesukumwa, kwa siri, nimefurahi kwamba yu hai. Nisingependa ajione ana deni kwetu.

Pole sitampa. Nitampa kazi. Usimwambie kitu.

Shemeji yako

&nbsp;

Nyumbani, 20 Juni

Baba watoto,

Umesema nifanye nipendavyo. Basi nimeamua. Nataka kutoa boksi la gia la jeupe, lile la otomatiki, nilifunge kwenye la buluu, na klachi niitupe. Niambie naanzia wapi, natoa nini, na nini kitaniuma nikikosea.

Mama tumempeleka! Gari halikuzima hata mara moja. Njia nzima alikuwa akiniuliza dereva tumemkodi wapi. Upasuaji ni mwezi ujao.

Mkeo

&nbsp;

Kambi ya Daraja, 2 Julai

Mke wangu,

Umelogwa? Gia za mkono za stesheni lile ni tamu kuliko asali, unazihisi kiganjani zinavyoingia. Otomatiki ni ya wavivu na wazee. Inakula mafuta, inapanda kilima ikiwaza. Na kama ni lazima, jeupe si tayari la otomatiki? Endesha hilo.

Hata hivyo kuuliza si ujinga, na sipendi kazi ianzwe kijinga. Kwa hiyo sikiliza, kisha uache.

Injini zao ni ndugu wa tumbo moja, boksi litakubali. Gari lipandishwe juu, liwekewe vigingi vya chuma, si mawe. Mawe hupasuka bila kukuaga. Shafti ya jeupe urefu wake si sawa na ya buluu, chukua na kipande chake cha mbele. Badala ya klachi kuna sufuria nzito iliyojaa mafuta. Iingize mpaka uisikie imekaa, ukilazimisha kwa bolti utavunja pampu. Kwenye mdomo wa krenki ya buluu kuna beringi ndogo, itoe. Wengi huisahau. Radieta ya jeupe ina mirija ya kupoza mafuta ya gia, ichukue nzima. Na pedali: ya klachi itoke, ya breki iwe ile pana ya jeupe.

Boksi lenyewe ni zito mno. Usithubutu bila Bomba na winchi yake.

Lakini kwa nini?

Mumeo

&nbsp;

Nyumbani, 19 Julai

Mwanangu,

Ona ninavyoandika! Herufi ndogo, na mistari naiona. Wamenitoa utando wa jicho la kulia, la kushoto litafuata. Daktari alipofungua bandeji, wa kwanza niliyemwona ni mkwe wangu, akanitazama mimi kwa wasiwasi mkubwa kuliko wangu. Amekonda. Na kucha zake zina grisi.

Tulipofika nyumbani nikamwambia avae lile ovaroli alale chini ya gari. Akalala. Nikaitazama miguu, nikaangua kilio, nikamwomba radhi. Akanijibu kutoka huko chini, "Mama, nipe spana ya kumi na saba." Tangu hapo ndiyo kazi yangu. Nazijua kwa namba.

Ila mkeo ana jambo. Gari lilikuwa zima, linatupeleka kila mahali, sasa amelitoa matumbo, anatia ya jeupe. Mke wa Bomba anasema ni wazimu. Bomba mwenyewe anavuta mnyororo, anatikisa kichwa. Mimi nikimuuliza kwa nini, anasema, "Mama, hii ndiyo inayofaa." Wakati mwingine anafumba macho kwenye usukani, mkono mmoja ameuficha mgongoni, anageuza kulia, anageuza kushoto. Nilidhani anacheza.

Njoo umwone.

Mama yako

&nbsp;

Nyumbani, 5 Agosti

Baba watoto,

Limekwisha! Beringi ya krenki nisingeijua bila wewe, ilinigomea siku nzima, nikaitoa kwa kushindilia grisi nyuma yake mpaka ikachoka. Sufuria iliingia mara ya tatu, nikaisikia imekaa kama ulivyosema. Tulipoliwasha, tukalitia gia, likasogea lenyewe polepole kama ng'ombe anayejua njia ya nyumbani. Bomba alipiga makofi. Mama alipiga kelele, alikuwa amesimama mbele.

Nimebakiwa na mambo mawili. Kwanza, kile kirungu kidogo cha kushikia usukani, kama cha madereva wa matrekta: kikae wapi ili mkono usichoke? Pili, kijiti cha indiketa kiko kushoto. Nimeunganishia fimbo nyembamba ipite juu ya shingo ya usukani mpaka kulia. Inafanya kazi, ila inacheza. Niikaze vipi?

Mkeo

&nbsp;

Kambi ya Daraja, 16 Agosti

Nani amekuambia?

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama bohari. Nilipofika kwenye kirungu nilidhani umepata wazimu kweli. Nilipofika kwenye indiketa nikakaa chini. Barua zote zile za otomatiki, na mimi najibu kama mwalimu! Ulijua tangu Juni.

Ni mpishi. Usikatae, ameunguza ugali wa watu mia leo akinikwepa macho.

Basi ni kweli. Sina mkono wa kushoto. Siwezi kufunga kamba za viatu, siwezi kushika bolti na nati pamoja, siwezi kuchomelea. Niliposikia habari ya ile miguu, unajua nilichohisi baada ya wivu? Ahueni. Nikajisemea, amepata mtu mzima, sasa naweza kupotea bila kumdhulumu. Hilo ndilo ninaloona haya zaidi ya yote.

Usije. Uliolewa na fundi. Acha nikae na glovu zangu.

Kirungu kikae chini kidogo upande wa kulia, pale mkono unapolala wenyewe. Indiketa ikaze kwa kibano cha mpira wa maji.

Mimi

&nbsp;

Nyumbani, 24 Agosti

Mume wangu,

Kibano cha mpira kimefaa. Asante.

Hukuniuliza kama nataka kuachwa, uliamua peke yako huko bohari, kama vile ndoa ni shati lako. Hilo nimekukasirikia na nitaendelea kukasirika mpaka nichoke. La mkono sijakukasirikia. Mtu aliyeutoa mkono wake watoto wa mwenzake wasibaki yatima, niwe na la kumlaumu nini?

Ndiyo, niliolewa na fundi. Yule aliyenieleza beringi ya krenki kwa barua, kutoka mlimani, bila kuiona, alikuwa nani?

Barua hii ameibeba dereva wa lori. Mimi namfuata nyuma na la buluu, baada ya kuwaacha watoto kwa Mama. Funga mabegi. Ukishindwa kufunga zipu, mwambie mpishi, naye ameshajua kutoficha siri.

Mkeo

&nbsp;

Nyumbani, 30 Septemba

Mpishi, ndugu yangu,

Ulituona tukiondoka, ukapunga mwiko. Kilichofuata hukukiona. Tulipokata kona ya kwanza, kambi haionekani tena, mke wangu alisimamisha gari, akashuka, akazunguka na kunifungulia mlango. "Zamu yako."

Nilimwambia sitaki. Akasema hajaniuliza kama nataka. Nikamwambia tutaanguka korongoni. Akajibu, "Basi twende polepole tukaanguke vizuri."

Nikakaa. Kirungu kilikuwa pale pale mkono unapolala. Nikatia gia, tukasogea, na mguu wa kushoto, kwa mazoea, ukatafuta klachi. Klachi haipo! Uliikuta ile pedali pana ya breki, ukaikanyaga kwa nguvu zote. Gari lilisimama kwa kishindo, sufuria ya kupikia uliyotupatia kama zawadi ikaruka kutoka nyuma ikatua mapajani mwake. Alinitazama. "Umekatwa mkono. Mguu nao una nini?" Tulicheka, ndugu yangu, lori la saruji likatukuta hapo katikati ya barabara, dereva akadhani tunalia. Hakukosea sana.

Niliendesha mpaka lami. Mengine akaendesha yeye.

Usidhani yalikwisha hapo. Siku za mwanzo zilikuwa mbaya. Majirani walikuja na pole zao, wema mtupu, kila mmoja akautazama mkono kisha akautazama ukuta. Watoto waliniletea maji kabla sijahisi kiu. Mama alinikatia mkate. Mke wangu akienda uani kuvunja jeupe, maana watu wanakuja kila wiki kutafuta taa na milango, mimi nilikaa barazani nikitoa amri kama bosi asiye na kiwanda. Jioni nilimwambia maneno makali bila sababu. Aliendelea kushona.

Juzi Jumanne alikuwa ndani ya jeupe akitoa feni ya hita. Ile feni imezikwa katikati ya dashibodi, ukiitaka unabomoa nusu ya gari. Nilisimama mlangoni namwelekeza. Alikuwa kichwa chini, miguu juu ya kiti, ameuma bisibisi, mkono mmoja ndani mpaka begani. Sanduku zima la hita likaanza kumdondokea. Akatema bisibisi, akapaza sauti bila hata kugeuka:

"Shika hapa!"

Nikamuuliza, "Kwa kipi?"

"Kwa chochote ulicho nacho, linaniangukia!"

Nikapiga goti kwenye kizingiti. Nikaingiza kile kipande cha mkono chini ya sanduku, nikakikandamiza kwa kiwiko na kifua. Liliuma. Bado ngozi ni changa pale. Lakini lilikaa, halikusogea.

Nikupe siri yangu, na hii mwambie umtakaye. Tangu Machi watu wananipokea vitu mkononi. Wewe mwenyewe ulinikatia nyama, na sikulaumu, ulifanya kwa upendo. Lakini hakuna mtu hata mmoja, huko wala hapa, aliyekuwa ameniambia nishike kitu. Na yeye hakulipanga, nilimtazama usoni baadaye, hata hakumbuki alichosema. Alihitaji mkono tu, na mimi nilikuwa karibu.

Aliendelea kufungua bolti zake bila haraka. Jasho linanitoka, namwogopa hata kumwambia aharakishe.

"Pandisha kidogo," akasema.

Nikapandisha.

Fundi